Mkuu wa Chumba cha Mashine

Jumamosi, 2 Oktoba 1993

Madam Inayat anastaafu mwisho wa mwezi. Ametangaza asubuhi huku akimenya mbegu za tikiti, kwa sauti ile ile anayoitumia kuomba sukari. Amekuwa mkuu wa chumba cha mashine, yaani kompyuta kubwa, katika kampuni yetu ya bima kwa miaka kumi na moja. Sasa kiti kinabaki wazi. Wanaokifaa ni wawili tu: mimi na Raafat. Yaani mmoja na nusu.

Mwenyekiti wa kampuni atachagua mwenyewe. Hazijui sura zetu. Anatujua kwa karatasi tunazompelekea, ripoti thelathini na nane kila asubuhi. Inasemekana anazisoma zote, hata za tawi la Damanhur.

Kwangu hili si suala la cheo tu. Haji Mitwalli, babake Ibtihal, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu. Nimekwenda kuposa mara mbili. Mara zote mbili ameniuliza swali moja: mimi ni mkuu wa nini? Mara ya kwanza nilisema bado. Mara ya pili nilisema niko njiani. Alijibu kwamba yeye hajawahi kupiga kengele kwa treni iliyo njiani. Ibtihal ananisubiri mwaka wa nne sasa. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, ana subira ya kazi.

Lakini leo bahati imeniangukia. Kwa kweli kalamu ndiyo iliyoanguka, ikabingirika chini ya meza ya chai. Nikainama. Nikaona mguu mmoja wa meza umekalia kitabu. Kumbe ni kitabu cha mashine yetu, kile cha amri za kazi, ambacho Madam alisema kilipotea! Nimekichomoa. Birika limeanguka, lakini hilo ni jambo dogo.

Nimesoma mchana kutwa. Ndani ya mashine mna maneno ambayo hayaandikwi na mtu. Yanaitwa vigeu vya mfumo. Ukiiandikia mashine amri za kazi, unaweka kile kialama cha & kinachofanana na mtu aliyekaa chini akakumbatia magoti, kisha jina la kigeu. Mashine yenyewe inaweka jibu mahali pake. Tarehe. Saa. Siku ya juma. Jina la mtu aliyefanya kazi ile.

Jina la mtu! Miaka tisa nimechapisha ripoti na jina langu halijatoka hata mara moja.

Kabla ya kuondoka nimezifungua kazi zote thelathini na nane. Juu ya kila moja nimeongeza mstari: IMETAYARISHWA NA BWANA, kisha kigeu cha jina. Kesho Mwenyekiti ataniona mara thelathini na nane kabla hajamaliza kahawa.

Sikumwambia mtu. Raafat aliniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia jino linaniuma.

Jumapili, 3 Oktoba

Nimechelewa. Foleni ya mkate ilikuwa ndefu, halafu tramu ikakaa kituo cha Sidi Gaber kama inayongoja mtu. Nimefika saa tatu na nusu. Chumba kizima kinanukia keki ya basbusa.

Sinia lilikuwa mezani kwa Raafat. Amelinunua kwa furaha. Mwenyekiti amempigia simu mwenyewe, amemwambia katika miaka yake yote ya kazi hajaona mtu anayewajibika kiasi cha kuandika jina lake kwenye kila karatasi anayoitoa.

Nimezitazama ripoti. Imetayarishwa na Bwana Raafat. Imetayarishwa na Bwana Raafat. Zote thelathini na nane.

Nimerudi kwenye kitabu. Kumbe kigeu kile hakitoi jina la aliyeziandika amri. Kinatoa jina la aliyeipeleka kazi kwenye mashine. Na kazi za asubuhi hupelekwa na anayewahi kufika. Anayewahi ni Raafat, kwa sababu anaamka na jogoo na anakaa mtaa wa pili.

Ameniletea vipande viwili kwenye sahani. Akainama, akaninong'oneza, "Kaka Wagdi, mimi sikuweka jina langu, wallahi. Sijui nani kanifanyia wema huu. Unamshuku nani?"

Nikasema labda ni mashine yenyewe, inampenda.

Macho yake yalilowa kidogo. Nimekula vipande vinne. Vilikuwa vizuri, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu, 4 Oktoba

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Nimefika kazini saa kumi na mbili na nusu, nimejipaka marashi. Bawabu alinitazama kama mtu aliyemwona mfu akinunua tikiti ya tramu. Akaniuliza nimetoka sasa au naingia. Nikasema naingia. Akasema mlango wa chumba cha mashine haufunguki mpaka saa moja na nusu, na ufunguo anao Raafat.

Nimekaa ngazini saa nzima. Saa moja na nusu Raafat amekuja na chupa ya chai na mikate miwili ya maharage. Kaninyima nini? Hakuninyima kitu. Amenigawia mkate mmoja. Amesema kama ningemwambia nakuja mapema, angekuja nayo mitatu.

Tumeingia pamoja. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye skrini. Nikasahau neno langu la siri. Nilipolikumbuka, Raafat alikuwa ameshapeleka kazi zote, na alikuwa anamwagilia ua la Madam Inayat.

Siwezi kushindana na mtu wa namna hii kwa miguu. Nitamshinda kwa kichwa. Keshokutwa ni sikukuu ya jeshi, hatufanyi kazi. Kesho kabla ya kutoka nitazipeleka kazi za Alhamisi, niziamuru zisubiri ndani ya mashine mpaka Alhamisi saa mbili asubuhi. Raafat afike hata saa tisa za usiku. Atakuta zimekwisha kupelekwa, na mpelekaji ni mimi.

Jumanne, 5 Oktoba

Imefanyika. Saa nane kasoro dakika kumi, Raafat alipokwenda kuswali, nimezipeleka zote thelathini na nane. Sikuishia hapo. Nimeona ripoti zina tarehe iliyoandikwa kwa mkono, ushamba mtupu. Nimeondoa, nimeweka kigeu cha tarehe, cha siku na cha saa. Hata kwenye ripoti ya mahudhurio ya wafanyakazi, ile ambayo Mwenyekiti huisoma kwanza.

Aliporudi nimemwambia Alhamisi asihangaike, alale. Amefikiri kidogo.

"Na tarehe je?"

Nikamwambia mashine inaijua tarehe.

"Inaijua ya lini?"

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Ya lini! Mtu huyu ndiye wanayetaka kumpa kiti.

Jumatano, 6 Oktoba

Sikukuu. Nimealikwa chakula cha mchana kwa Haji Mitwalli. Samaki wa kuchoma, wali wa kahawia, na gwaride kwenye televisheni. Haji alisimama kila kifaru kilipopita, kwa hiyo nasi tulisimama. Samaki alipoa.

Nimemwambia kwamba kesho jina langu litakuwa juu ya meza ya Mwenyekiti, katika kila karatasi. Aliniuliza nina watu wangapi chini yangu. Nikasema chini yangu kuna mashine yenye ukubwa wa makabati manne. Akasema yeye alikuwa na watu kumi na wanne, filimbi na bendera mbili.

Ibtihal alinisindikiza mpaka mlangoni na kuniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akasema ananijua, nikisema sijafanya kitu huwa nimefanya. Kisha akaniambia polepole, "Wagdi, mimi sitaki mkuu. Nataka usifukuzwe kazi. Unanisikia?"

Nimemsikia. Ni wasiwasi wa mapenzi tu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Ripoti zimetoka saa mbili kamili, kama nilivyoamuru. Jina langu liko juu ya kila moja, kubwa, zuri. Chini ya jina langu, kila ripoti inasema leo ni Jumanne.

Tawi la Damanhur limepiga simu kuuliza ni Jumanne gani. Nikasema ni kosa dogo. Wakauliza basi leo wafanye kazi ya Jumanne au ya Alhamisi. Nikakata simu.

Kubwa ni mahudhurio. Ripoti ile ina majina ya watu mia mbili na sita, la kwanza ni la Mwenyekiti. Juu yake pamechapwa: WAFUATAO WAMEFIKA KAZINI LEO JUMANNE, SAA NANE KASORO DAKIKA KUMI MCHANA. IMETAYARISHWA NA BWANA WAGDI. Nakala zimebandikwa kila ghorofa, ni desturi yetu.

Kufikia saa nne kulikuwa na watu kumi na saba mlangoni petu. Mzee mmoja wa idara ya bima za moto alisema hajachelewa tangu alipoajiriwa, hata siku aliyooa alipita kazini kwanza. Aliniuliza nina ugomvi gani naye. Mama wa mapokezi alisema mumewe anafanya kazi ghorofa ya tatu, ameiona karatasi, sasa anataka kujua alikuwa wapi asubuhi nzima ya Jumanne.

Raafat amewapa wote chai.

Walipoondoka, Madam Inayat ameniita. Alikuwa na mfuko wake wa mbegu. Nilitarajia kelele. Angepiga kelele ningefurahi.

"Kaa, Wagdi. Kigeu kinajibu lini?"

Nikasema kinajibu kikiulizwa.

"Na kinaulizwa lini?"

Akanieleza kama anavyoeleza Ibtihal darasani. Kazi inapopelekwa, mashine huisoma pale pale na kuvijaza vigeu pale pale. Ikisubiri siku mbili, inasubiri na majibu yake ya zamani. Jumanne saa nane kasoro kumi ndipo nilipoipeleka, basi ndilo jibu.

Nikamwambia kitabu hakikusema hivyo. Akasema kimesema, ukurasa unaofuata.

"Hicho kitabu nilikiweka chini ya meza mimi mwenyewe. Kwa makusudi. Nilikuona siku ya kwanza ulipoajiriwa, nikasema huyu asikione."

Nimeandika barua za kuomba radhi mpaka mkono ukafa ganzi. Raafat alibaki kunisaidia. Ana mwandiko mzuri, na hilo nalo.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mapumziko. Nimetoka kuswali, nimelala chali, nimefikiri.

Mwenyekiti anakuja kesho kutoa uamuzi. Atakitembelea chumba cha mashine, atatuona, atachagua. Raafat atafanya nini? Atasafisha meza. Mimi nitafanya kitu kitakachobaki kichwani mwa Mwenyekiti.

Bango! Mashine itamkaribisha yenyewe, kwa herufi za nyota, kila herufi kubwa kama sinia. Karibu Mheshimiwa Mwenyekiti. Leo ni siku fulani, tarehe fulani. Safari hii kazi itapelekwa mbele yake, kwa hiyo tarehe haiwezi kukosea. Mtu anajifunza.

Kisha mstari wa mwisho: MKUU WA CHUMBA HIKI NI. Halafu jina.

Nikiliandika jina langu mwenyewe, watasema nimejiteua. Lakini mashine ikilitaja, nani atabishana nayo? Nitasema sikujua. Nitashtuka kidogo. Nimefanya mazoezi ya kushtuka mbele ya kioo.

Kitabu ninacho hapa nyumbani. Nimetafuta kigeu kinachofaa. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne kuna duara la chai, glasi ilikaa juu yake miaka mingi, na maneno ya katikati hayasomeki. Yanayosomeka ni haya: "Jina la", halafu chai, halafu "msimamizi wake". Jina la msimamizi wake. Ni wazi kabisa. Na msimamizi wa zamu ya kesho, kwenye karatasi ya zamu, ni mimi.

Kujaribu kwanza? Kujaribu ni kupoteza karatasi. Na siri itatoka.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mwenyekiti ni mtu mfupi, mpole, mwenye suti ya kijivu. Alipeana mikono na Raafat. Aliponifikia mimi, aliushika mkono wangu muda mrefu.

"Wewe ndiye Wagdi wa saa nane kasoro kumi?"

Nikasema ndimi. Akasema mkewe naye aliisoma ile karatasi.

Sikukata tamaa. Nikamwomba asimame karibu na printa. Madam Inayat alisimama kuliani kwake, Raafat kushotoni. Nikapeleka kazi. Printa ikaunguruma, karatasi ikaanza kupanda.

KARIBU MHESHIMIWA MWENYEKITI. Akatabasamu. LEO NI JUMAMOSI, TAREHE 9 OKTOBA. Akatazama saa yake ya mkononi, akatikisa kichwa kukubali. Raafat akapiga makofi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu kuliko printa.

MKUU WA CHUMBA HIKI NI.

Nikajiandaa kushtuka.

PUNDA.

Kila herufi kubwa kama sinia. Tena vizuri, bila doa la wino.

Mazoezi yangu ya kushtuka hayakuwa na faida, maana nilishtuka kweli. Printa ilimaliza na kuikata karatasi, ikawa kimya, na tukasikia feni. Wote watatu tulimtazama Madam Inayat, kwa sababu mkuu wa chumba hiki, hadi mwisho wa mwezi, ni yeye.

Madam aliitwaa karatasi, akaisoma mpaka chini. Kisha akamweleza Mwenyekiti, kwa utulivu ambao sitausahau, kwamba mashine ilipoletwa, mafundi walimwambia aipe jina. Naye akaipa jina la Punda, kwa kuwa ilikuja kubeba mizigo ya kampuni nzima na haijibu mtu. Jina la mfumo, kama lilivyowekwa na msimamizi wake. Ndicho kigeu nilichokiuliza.

"Umeuliza Punda anaitwaje, Wagdi," aliniambia. "Nayo imekujibu."

Mwenyekiti alitoa leso akajifuta macho. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, nikaanza kumwomba radhi, na Raafat akanibana kiwiko ninyamaze.

Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko kuchapa bango. Raafat ni mkuu kuanzia mwezi ujao. Mimi, kuanzia kesho, niko stoo ya karatasi, ghorofa ya chini. Mwenyekiti amesema hanifukuzi, kwa sababu tangu ashike cheo hakuna mfanyakazi mwingine aliyewahi kumchekesha.

Nilikaa chooni muda. Sikulia, lakini nilikaa. Miaka tisa, na Ibtihal miaka minne. Raafat alikuja kunibishia mlango. Alisema kiti hiki hakukiomba, na kama nataka atakwenda kumwambia Mwenyekiti. Najua angekwenda. Nikamwambia aache.

Jumapili, 10 Oktoba

Stoo haina dirisha. Kuna mkokoteni, makatoni hadi darini, skrini moja ya zamani ya kuandikia maombi ya karatasi, na paka.

Jioni nimekwenda kwa Haji Mitwalli. Nilikuwa nimetunga maneno mengine kabisa, lakini Ibtihal alinitazama tu nikasema ukweli wote, mpaka punda. Haji alisikiliza bila kupepesa.

Akaniuliza hiyo stoo ina ufunguo. Nikasema upo. Mmoja au kila mtu anao? Nikasema mmoja, mimi ninao. Akauliza karatasi zikitoka, nani anaidhinisha. Nikasema mimi, kwa muhuri.

"Una muhuri?"

Nikautoa mfukoni. Ni wa mbao, umeandikwa STOO. Aliushika, akaupulizia pumzi, akaupiga kwenye pembe ya gazeti. Akaitazama alama yake kwa muda mrefu.

"Na huyo Raafat wa juu, akitaka karatasi?"

Nikasema lazima ashuke kwangu.

"Asipopata muhuri wako?"

Nikasema basi hachapishi kitu, wala yeye wala Mwenyekiti.

Haji alimgeukia bintiye. Akasema mbona mtu huyu siku zote alikuwa anajieleza vibaya. Alhamisi ya tarehe 21 tutasoma Fatiha ya uchumba, hapa hapa nyumbani kwake, tualike watu.

Ibtihal alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akanivuta jikoni. Aliniapisha nisiguse tena kigeu cha jina, cha tarehe, cha siku wala cha saa. Nikaapa kwa vyote vinne, mkono juu ya gunia la mchele.

Jumatatu, 11 Oktoba

Siku ya kazi kubwa. Kadi za mwaliko, watu mia na ishirini. Haji alitaka kwenda kwa mpiga chapa wa mjini. Nimemkatalia. Mkuu wa stoo ana karatasi nene, za rangi ya maziwa, na skrini yangu ya zamani nimegundua inafika mpaka kwenye mashine ya juu.

Majina yetu nimeyaandika kwa mkono, herufi moja moja. Tarehe pia, siku pia, saa pia. Nimetimiza kiapo kama kilivyo.

Mahali sikuapa. Na anwani ya Haji ni ndefu, ina kichochoro na duka la mkaa. Kitabu, ukurasa wa mia mbili na kumi na saba, kina kigeu kimoja safi, hakina doa la chai: mahali. Nimekiweka. Raafat amenisimamia zilipochapwa, amenishushia mwenyewe, zikiwa zimekunjwa na kutiwa ndani ya bahasha. Mtu mwema. Mchana zote zimekwenda posta.

Ibtihal amepiga simu kuuliza kama nilisoma walau kadi moja kabla ya kuzituma. Nimemwambia atulie, hakuna haja. Mashine inajua ilipo.